Mlango wa Nyuma wa Pikapu Umefungika

Kwa Mwalimu Yusta,
Kasulu Mjini,
Mkoa wa Kigoma.

Jumapili, 17 Agosti 2014

Mpendwa Isack,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima huko Tandahimba, wewe na mkeo Esteria na mtoto wenu. Je, kifua cha mtoto kimetulia? Tulipozungumza mara ya mwisho alikuwa anakohoa. Mfunikeni vizuri, wala msiseme kwamba kwa kuwa huko ni joto basi mtoto alale wazi. Upepo wa alfajiri hauulizi mtu anaishi mkoa gani.

Sisi hapa hatujambo. Mama yenu, wifi yangu, mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda huenda shambani kama kawaida yake. Ukimwambia apumzike hukuuliza kama wewe ndiwe utakayeng'oa mihogo. Mimi ni mzima. Meno yamepungua, lakini bado nasoma bila miwani nikikaa karibu na dirisha. Kiangazi cha mwaka huu ni kikali. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kopo la sukari.

Nilipokea ujumbe wako wa simu, nikausoma mara kadhaa kabla sijauelewa. Neno "sasa" huandikwa kwa herufi s, Isack, na wewe unalijua hilo kwa sababu nilikufundisha mwenyewe ukiwa umekaa dawati la mbele. Mtu mwenye ofisi ya serikali na wakulima wanaomsikiliza asiandike kama anayekimbizwa. Nimechukua kalamu badala ya kukujibu kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na linataka kuelezwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo hilo ni pikapu ya marehemu kaka yangu, baba yenu Ildefonce.

Naanza kwa kukukumbusha ulichosema, tusije tukabishana baadaye. Siku dada yako Evaline alipokupigia kukueleza ajali ya Rungwe Mpya, simu ilikuwa juu ya meza yangu, sauti imefunguliwa, na mama yenu ameketi kando yangu. Ulisema hutaki kumzika mtu mwingine wa nyumba hii. Ulisema umekwisha kupatana na Athuman, yule mfanyabiashara wa Kibondo anayenunua magari mabovu na kuyakata auze vipuri na skrepa, na kwamba angefika Jumamosi kulichukua gari. Mama yenu akaanza kulia. Ndipo ukaongeza: "Labda mlango huo ufungike na ukae umefungwa, mlima na mteremko. Ukifungika, gari libaki." Hayo ni maneno yako. Sikuyaongeza wala kuyapunguza.

Hofu yako siidharau. Ulisikia habari kutoka mbali, na habari ya mbali huwa na damu nyingi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa.

Evaline alikuwa ametoka Nyakitonto na magunia ya maharage ya kikundi cha akina mama. Bawaba mbili zinazoushika mlango wa nyuma zilikuwa zimelika kwa miaka mingi. Matundu yake yalikuwa yamepanuka yakawa na umbo la yai, na pini zikawa zinacheza ndani yake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mlango ukawa umelalia upande mmoja, komeo halishiki. Bazilio, utingo aliyekuwa na baba yenu tangu zamani, akawa anaufunga kwa kamba ya katani. Kwenye mlima wa Rungwe Mpya kamba ilikatika. Mlango ukaanguka, gunia likatoka, likatua barabarani mbele ya baiskeli iliyompakia mama mmoja. Mwendesha baiskeli aliingia kichakani, yule mama akajikuta ameketi mavumbini, maharage yamemwagika hadi kwenye mapaja yake.

Hakuumia hata kidogo. Evaline aliposhuka mbio kumwomba radhi, alimwambia, "Binti, mimi nilikuwa nakwenda sokoni kununua maharage. Hawakuniambia kwamba siku hizi mnatupa."

Watu walicheka, wakamsaidia kuokota. Evaline hakucheka. Alilala kwangu siku ile, na hakula.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye hawezi kukuambia. Baba yenu alipofariki, wewe ulikuwa na mshahara wako. Evaline alibaki na usukani. Mume wake unajua alikokwenda, na wala hatumsubiri. Watoto wake wanasoma kwa magunia hayo. Gari likikatwa vipande, dada yako hatakuwa na kazi nyingine ila kurudi kwa mama yenu kulima kipande kile kile ambacho hakiwatoshi. Na wale akina mama wa Nyakitonto watarudi kuwauzia mazao walanguzi wanaowafuata mlangoni na kupanga bei wapendavyo. Nilipokata simu yako nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mlango ule utafungika.

Kila niliyemwuliza hapa mjini alinijibu neno moja: "Chomelea tu, Mwalimu." Yaani mlango ushikizwe kwenye bodi kwa moto, usifunguke tena, na mizigo ipakiwe kwa kupitishwa juu. Nilikataa. Gunia la maharage halipandishwi juu ya ukuta wa bati na mwanamke mmoja na utingo mwenye mgongo wa Bazilio. Evaline akazunguka madukani hadi akapata bawaba mpya zinazolingana na zile za zamani. Ilikuwa jozi moja tu iliyobaki, nasi tukaichukua.

Fundi tuliyempa kazi anaitwa Niyonsaba. Huenda humkumbuki. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye amekulia huku na sasa ni raia, ana karakana nyuma ya soko. Nilimchagua kwa sababu hana haraka. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu hasa, naye akazipaka oili chafu, akaziacha zinywe hadi kesho yake. Nilimwuliza kwa nini asizikate kwa tindo tumalize.

"Mama Mwalimu," akasema, "huyu ukimpiga anakatikia ndani. Tumpe mafuta, atatoka mwenyewe, buhoro buhoro." Hilo la mwisho kwao ni polepole.

Nikamwambia kwamba bolti si mtu, haiitwi huyu. Akasema, "Ego, Mama," yaani ndiyo, kisha akamgeukia Bazilio: "Hebu nipe spana, huyu wa pili ameanza kulegea." Nikamwacha. Bolti zilitoka zote bila kukatika hata moja.

Alhamisi ndipo alipoanza kuweka mpya. Nakuandikia jinsi anavyofanya ili usije ukaambiwa kwamba tumebabaisha. Mlango hulazwa wazi, watu wawili wakaushika pembeni usawa, minyororo inayoushikilia ikafunguliwa. Bawaba ya upande mmoja hutolewa na mpya ikawekwa bila kukazwa, ndipo aende upande wa pili. Mwishoni mlango hufungwa kwanza, ukatazamwa kama umekaa sawa, kisha nati hukazwa. Hakuweka pipa chini ya mlango kuuegemeza, kwa sababu ulihitaji kuinuliwa na kushushwa kidogo kidogo hadi matundu yaonane. Kila kitu kilitegemea mikono ya walioushika.

Evaline alishika kushoto, Bazilio kulia. Bawaba ya kushoto ilikwisha kukaa. Ya kulia ilikuwa imeingizwa bolti moja. Na hapo akaingia Mzee Makarius wa Rungwe Mpya.

Mzee alikuwa na nia njema kabisa. Alisikia kwamba gari letu limepata balaa mlimani kwake, akaja mjini kutupa pole. Lakini wewe ni mtu wa huku, unajua Mzee Makarius ni nani kwa Bazilio: ni baba wa mkewe. Na unajua kwamba mtu wetu hamsalimu mkwewe akiwa ameshika kitu, wala hamsalimu kwa mdomo mtupu kama anayemjibu muuza karanga. Mzee akasimama, akapiga makofi yake ya taratibu, akasalimu, "Mwakeye." Bazilio akaachia mlango, akainama, akaunganisha viganja.

Sikupata hata nafasi ya kumwita Bazilio nimwonye. Pembe ya kulia ilishuka kwa uzito wake wote. Evaline alining'inia upande wake akipiga kelele, na ile bolti moja ikaichana bawaba mpya, ikapasua sikio lake ambamo pini hupita. Chuma kililia kama sahani inayoangushwa kanisani. Na Bazilio, mwanangu, alikuwa bado anapiga makofi. Salamu zetu unazijua urefu wake. Aliulizwa za nyumbani akajibu, za watoto akajibu, za mbuzi akajibu, naye akauliza zake zote. Alipomaliza ndipo akageuka kutazama.

"Bazilio!" Evaline akafoka. "Mkono mmoja haukukutosha?"

"Mkono mmoja kwa baba mkwe, dada? Unataka mke wangu aitwe kwao leo leo?"

Niyonsaba alicheka hadi akaketi juu ya sanduku la vifaa. Mzee Makarius alimtazama mkwewe, akautazama mlango uliolala chini, akaelewa. Alivuta tairi bovu lililokuwa kando ya ukuta, akalikalia, akatangaza kwamba hatarudi Rungwe Mpya hadi kile alichokiangusha kisimame. Tukamwambia hakuangusha yeye. Akasema, "Salamu ni yangu." Alilala kwa binti yake, mke wa Bazilio, na kulipopambazuka alikuwa juu ya tairi kabla ya fundi kufungua.

Duka halikuwa na bawaba nyingine. Hilo ndilo lililomvunja moyo Evaline. Aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu, akasema, "Shangazi, mpigie Isack. Mwambie lichukuliwe tu." Nilimwambia asimame, oili itamharibia kitenge. Nikamwambia pia kwamba katika miaka yote niliyosimamia mitihani sijapata kupokea karatasi ya mwanafunzi kabla ya muda kwisha kwa sababu tu ameona swali gumu. Jumamosi ilikuwa haijafika. Alisimama. Hakuwa na furaha, lakini alisimama.

Niyonsaba aliichukua ile iliyopasuka akaenda nayo kwenye mwanga. Alikata kipande cha chuma bapa, akakifuatisha umbo la sikio lililovunjika, akakichomelea mahali pake, akatoboa tundu, kisha akaingiza ndani yake bushi ya bomba nene ili pini isile chuma tena. Sikio lake ni nene kuliko lile la dukani. Nilimwuliza kama upande mmoja kuwa mnene kuliko mwingine hautaupindisha mlango. Alifikiri, akasema swali ni zuri, akalisaga upande wa ndani hadi yakalingana. Kwa hiyo usiniulize kama nilitazama tu.

Ilikuwa sasa Ijumaa, na tatizo langu halikuwa chuma tena. Karakana ile imekaa kwenye njia ya sokoni. Habari ya mlango ilikuwa imekwisha kuenea, na kila aliyepita alitaka kuingia kutupa pole na kuona. Unatujua. Hakuna atakayepita kimya, na hakuna atakayeacha kuitikia. Nikaona wazi kwamba Bazilio ataachia tena, na safari hii labda na Evaline ataachia, kwa sababu hata yeye kalelewa vizuri.

Basi nikamwomba Niyonsaba kiti, nikakiweka kwenye njia ya kuingilia, nikakaa. Nikawaambia wote waliokuwa ndani: "Kuanzia sasa hapa hasalimiwi mtu ila mimi. Ninyi mmekwisha kusalimiwa." Mzee Makarius akasogeza tairi lake upande wa pili wa njia. Aliyekuja alikutana na sisi wawili, tukampokea salamu zake zote kwa niaba ya mafundi, tukamrudishia kwa makofi, kwa utaratibu, bila kuruka neno. Walikuja akina mama wa Nyakitonto. Walikuja walimu wastaafu wenzangu. Alikuja hata mtu mgeni aliyekuwa anatafuta ofisi za halmashauri. Alipomaliza kutusalimu alikuwa amesahau anachotafuta.

Mama mmoja wa kikundi akaniuliza, "Mwalimu, mbona leo mmekaa kama mko kwenye posa?"

"Tunamwoza mlango," Mzee Makarius akamjibu. "Tulia, bibi harusi yuko ndani anapimwa."

Nyuma yangu nilimsikia Bazilio akihema. Kila sauti ya mkwewe iliposikika, vidole vyake vilikuwa vinalegea vyenyewe. Evaline alimwambia kwa meno yaliyobanwa, "Bazilio, ukiachia nakusalimu kwa spana." Mwishowe mzee alimhurumia, akageuka pale pale kwenye tairi, akasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia: "Mkwe wangu, salamu za leo nimekusamehe. Shika mlango."

"Asante, baba," Bazilio akajibu, akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa bati. Mikono haikutoka.

Bolti zikaingia. Niyonsaba akaufunga mlango kabla ya kukaza, nikapitisha kidole kwenye mwanya wa kushoto na wa kulia. Ulikuwa sawa. Akakaza. Akaufungua, akaufunga. Komeo lilishika kwa mlio mmoja mkavu, na watu wakapiga makofi yasiyo ya salamu. Viganja vyangu vilikuwa vyekundu, hadi leo vinawasha.

Jana Jumamosi Athuman akaja kama mlivyopatana, na gari lake, na mtu wa kuliendesha letu. Ni mtu wa adabu, sina neno juu yake. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nimefuata lile tatizo lenu."

"Marahaba. Tatizo limekwisha. Limebaki gari."

Alizunguka nyuma, akaufungua mlango na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akaukalia ukiwa wazi, naye si mtu mwembamba. Haukulala. Kisha akatikisa kichwa. "Mwalimu, hapa karakanani hata mlango wa choo changu unafungika. Kaka yao aliniambia mlima na mteremko."

Nilikuwa tayari kumjibu, lakini Evaline alinitangulia. "Basi nifuate mpaka Rungwe Mpya. Napakia magunia kama siku ile ile. Likidondoka hata moja, gari lichukulie huko huko."

Sikumshauri aseme hivyo, Isack. Alisema mwenyewe, kisha akamwita Bazilio waanze kupakia.

Wakapakia magunia. Nilipanda mbele na rozari yangu, si kwa hofu, bali kwa kuwa njia ni ndefu. Bazilio alitaka kukaa nyuma aulinde mlango, Evaline akamkataza. Akasema kama unahitaji mlinzi basi haujapona. Akapanda na sisi. Athuman akatufuata na gari lake. Mwanzo alikaa mbali sana, kama mtu anayemfuata ng'ombe mkorofi, kwa sababu gunia likitoka lingetua kwenye kioo chake. Vumbi letu lilimfunika, akawa haonekani.

Tulipofika mlimani, pale pale kamba ilipokatika, Evaline alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alisimamisha gari katikati ya mwinuko, mzigo wote ukalalia mlango. Akangoja. Kisha akaliondoa kwa nguvu, gari likaruka mbele, nikasikia magunia yakigonga bati nyuma yangu, yote kwa pamoja. Sikugeuka. Nilimtazama Evaline. Alikuwa ameshika usukani kama baba yenu, viwiko nje, na midomo imebanwa. Hakuna kilichoanguka. Tukapanda, tukateremka upande wa pili, tukapita kwenye makorongo yote ambayo mvua ya mwaka huu ilituachia. Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni, Athuman alikuwa ametukaribia kiasi cha kuona masharubu yake yaliyojaa vumbi.

Aliposhuka pale Rungwe Mpya aliweka kiganja juu ya mlango. "Hili mimi sikati," akasema. "Niuzieni nilitumie mwenyewe."

"Nani amekuambia linauzwa?" Evaline akamwuliza.

"Kaka yako."

"Kaka yangu aliuza gari lisilofungika. Hilo halipo."

Athuman akacheka, akasema atazungumza na wewe, kwa kuwa wanaume huelewana. Nilimwambia azungumze, ila asikuambie kwamba mlango haukufungika. Akaapa hatasema hivyo. Basi huenda amekwisha kukupigia kabla basi halijakufikishia barua hii, na huenda ametaja bei nzuri kuliko ile ya kwanza.

Sasa sikiliza. Wewe ndiwe mtoto wa kwanza wa Ildefonce, na gari hilo haliuzwi bila neno lako. Mimi ni dada yake, na mambo ya nyumba ya kaka yangu siyasemi kwa kunong'ona. Neno ulikwisha kulitoa, mbele ya mama yako: ukifungika, gari libaki. Umefungika, mlima na mteremko, ukiwa na mzigo. Sikuombi huruma, Isack. Nakuambia usimame pale uliposimama.

Kwa upande wa hofu yako, nimeweka masharti na Evaline ameyakubali. Hapakii watu juu ya magunia, hata wakimsihi, hata wakiwa jamaa zetu. Kabla ya kila safari anazitazama pini kwa macho yake, wala hamwachii Bazilio. Niyonsaba atalitazama gari kila mvua zinapoanza na zinapokwisha. Kama kuna sharti nililosahau, liongeze, atalitii.

Lakini liko jambo moja ambalo sharti langu haliwezi kulitengeneza. Leo baada ya misa akina mama wa Nyakitonto walimfuata Evaline kumwuliza mzigo wa wiki hii atauchukua lini. Aliwajibu wasubiri. Ana gari zima, mlango mzima, na barabara kavu, naye anawaambia wasubiri, kwa sababu anaogopa kuahidi kitu ambacho kaka yake anaweza kukiondoa. Hakuniambia nikuandikie hili. Ameketi hapa uani akichambua mchele, na simu ameiweka juu ya kisiki karibu na mguu wake. Kila inapolia anaitazama kwanza kabla ya kuigusa.

Ukimaliza kusoma, mpigie. Usinipigie mimi, wala mama yako. Mwambie dada yako kwa sauti yako mwenyewe: "Gari ni lako. Pakia."

Msalimie Esteria na umwambie kwamba unga wa muhogo aliouomba nimeusaga, unasubiri mtu wa safari. Mama yenu anakusalimu, na anasema mje Krismasi mkiweza. Bazilio na mkewe wanawasalimu, na Mzee Makarius pia, ambaye hatimaye amerudi kwake. Mungu aliyewalinda wazazi wenu katika milima hii awalinde na ninyi huko kusini, ampe mtoto wenu afya, na akuzidishie akili ya kutenda ulilolisema.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kukudekeza,

Yusta